Meno Mawili Juu ya Tembe

Ruthu, weka hilo debe chini ukae. Kaa, nimesema. Maji hayatakimbia, utayakuta.

Jana kisimani nilikuwa nyuma yako, wewe hukuniona, na mdomo wako ulikuwa unakwenda tu. Ukasema Bibi Nyemo ana kijicho. Ukasema Yotham wako alimkimbilia na jino lake mkononi, jino la kwanza kung'oka, mtoto kafurahi, na yule bibi badala ya kumsifu akainuka, akaacha mtama kinuni haujatwangika, akaenda zake porini mpaka jua likazama. Wenzako wakaitikia, eee, kweli, hata wa kwangu alimfanyia hivyohivyo. Mmoja akathubutu kutaja uchawi. Haki ya Mungu, nilitaka niwamwagie maji. Nikajizuia, maana wewe ni mke wa mjukuu wangu, mmehamia hapa kutoka Makutupora juzi tu, na sikutaka kukuaibisha mbele ya watu.

Basi leo utasikia. Ukishasikia, utachagua mwenyewe la kwenda kusema kisimani.

Nyemo ni wifi yangu. Aliolewa na Matonya, mdogo wangu wa kunifuata, enzi za Mdachi, kabla reli haijafika Dodoma. Ungemwona wakati ule! Si kikongwe huyu unayemjua. Alikuwa na kicheko cha kuita watu. Sisi sote, kama unavyoniona mimi, tuling'olewa meno mawili ya mbele ya chini tulipokuwa wasichana. Ndiyo ilikuwa mila, na ambaye hakung'olewa nani angemtazama? Lakini pengo la Nyemo lilimkaa. Akicheka ulimi unachungulia pale, na akipiga mbinja kwa pengo lile ndama wanageuza shingo. Matonya alimwona mara moja tu kwenye ngoma ya mavuno, akarudi nyumbani hali chakula. Nikamwambia baba, mwoze huyu mtoto wako kabla hajatufia mikononi.

Wakaoana. Nyemo akazaa, akazika. Akazaa tena, akazika tena. Wale sitawataja, waache walale. Aliyebaki alikuwa msichana mmoja. Jina la Loisi alipewa baadaye na mwalimu, lakini mimi nitamwita hivyo tangu sasa nisije nikakuchanganya. Reli ilipofika Dodoma watu walitoka kila upande kwenda kuitazama, na Nyemo alikwenda naye mgongoni. Garimoshi likalia, mtoto akashtuka akamkojolea mama yake mgongo mzima. Tulicheka njia nzima ya kurudi, na Matonya ndiye aliyecheka kuliko wote.

Shika hilo, Ruthu. Reli inafika, mtoto bado wa kubebwa. Kwa hiyo njaa ilipokuja, mavuno kama manne baadaye, hakuwa mtoto wa miaka saba. Alikuwa na mitano, labda na kidogo juu yake.

Mvua ilikataa. Uwele ulichipua, ukawa kijani siku chache, ukakauka ukiwa haujafika magotini. Tukasema ya pili itanyesha. Ya pili ikapita kwa mbali, tukaisikia inanguruma upande wa Kondoa, hapa kwetu likashuka vumbi. Ng'ombe wakaanza kulala na kutoinuka. Na katikati ya balaa hilo akida akaja na askari, anakusanya wanaume wa kubeba mizigo ya serikali. Matonya akafungwa kamba na wenzake, akapita mbele ya mlango huu, akaniambia, "Dada, niangalizie hawa." Basi. Hadi leo sijui alizikwa wapi, wala kama alizikwa.

Tukabaki wanawake wawili na mtoto mmoja ndani ya tembe. Tulikula ubuyu mpaka ukaisha porini. Tulichimba mizizi ambayo zamani tuliwaachia nguruwe. Halafu tukashuka kwenye ngozi, zile za ng'ombe tulizokuwa tunalalia. Unaibabua motoni mpaka manyoya yaishe, unaichemsha tangu asubuhi, jioni unaikata vipande unatafuna mpaka taya ziume. Mtu mzima anaweza. Mtoto anatafuna, anatafuna, anatema, anakutazama.

Sasa shule. Hapa kati ya Nzuguni na Buigiri wamisheni walikuwa wamejenga kishule cha udongo. Kimeshaanguka siku nyingi, usikitafute. Mwalimu wake aliitwa Yoramu, Mgogo mwenzetu, kijana mwenye kanzu moja ambayo aliifua jioni akaivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Kabla ya njaa hakuna aliyeijali shule yake. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba anabembeleza, jamani nipeni mtoto mmoja tu, na wanaume wanamjibu kwamba mtoto akisoma ng'ombe atachungwa na nani. Njaa ilipokaza, bwana wa misheni akaleta magunia ya mtama kwa punda. Akaagiza kila mwanafunzi apewe kata moja ya uji asubuhi masomo yakiisha, na aunywe palepale, usitoke nje ya shule.

Wee! Kesho yake pale palikuwa mnada. Kina mama wamebeba hata wanaonyonya, wanasema huyu anataka kusoma. Yoramu wa watu anatokwa jasho, hajui amshike nani amwache nani. Magunia yenyewe hayakuwa mengi, na bwana alikuwa amesema wapokewe wenye miaka saba kwenda juu. Miaka saba! Nani hapa alikuwa anahesabu miaka? Sisi tulikuwa tunasema huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule alizaliwa askari walipochoma nyumba ya fulani. Yoramu akafikiri mpaka akapata njia yake. Akasema, mtoto aliyeanza kung'oka meno ya utoto ndiye mkubwa. Akawa anasimama mlangoni, mtoto anaachama, anatazama. Ana pengo, ingia. Meno yote yapo, rudi kwa mama yako.

Loisi meno yake yote yalikuwepo. Madogo, meupe, yamejipanga vizuri, hata moja halichezi. Nyemo akarudishwa naye mbele ya watu, na ule uji unanukia mpaka barabarani. Mtoto akalia njia nzima, si kilio cha deko, kile cha njaa ambacho hakina sauti kubwa. Nyemo hakumnyamazisha. Alikuwa anatembea mbele yangu tu, shingo imekaza.

Siku moja tuko uani tunakwangua ngozi, akaniambia, "Wifi, yale ya chini si yatatoka tu?"

Nikamwuliza, yapi.

"Meno mawili ya chini. Akikua atang'olewa, kama mimi, kama wewe. Hakuna kwetu anayezeeka nayo. Sasa kuna ubaya gani yakitoka leo?"

Umeona alivyofikiri? Wewe umekua wakati mila ile inaachwa, ndiyo maana unashangaa. Kwetu yale meno mawili yalikuwa kama hayana mwenyewe, yanakaa tu yakisubiri siku yao. Na tena sote tuliamini kwamba la utoto likitoka mapema, la ukubwani nalo litakuja mapema, maana nafasi si imeshafunguliwa? Nani angetuambia vingine? Nikalipindua lile neno kichwani, sikuona kosa lake. Nikamwambia, tumwite mzee wa kung'oa meno.

Mzee akaja na kijichuma chake, akamtazama Loisi kinywani, akatikisa kichwa. Akasema, "Haya bado si meno yangu. Ngojeni yaanguke yenyewe, yaje mengine, hayo ndiyo mniitie."

Nyemo akamwambia, "Mzee, tukingoja utakuja kuzika, hutakuja kung'oa."

Akakataa vilevile. Akachukua fimbo yake akaenda.

Basi Nyemo akamng'oa mwenyewe, kwa kile chuma chembamba tulichokuwa tunatobolea ngozi. Mchana kweupe, hapo mlangoni, ili aone vizuri. Na mimi ndiye niliyeshika kichwa. Usinitazame hivyo, Ruthu! Nilishika, na njaa ile ikirudi kesho nitashika tena.

Jino la utoto ambalo halijalegea lina nguvu kuliko unavyodhani. Limezama, linang'ang'ania. Nyemo alimwambia mtoto, ukitoka hapa unakwenda kunywa uji. Kwa neno hilo tu Loisi akafungua kinywa mwenyewe. La kwanza lilipotoka alipiga yowe mpaka akaishiwa pumzi, damu ikanijaa mikononi, nami nikamwambia Nyemo, moja linatosha, mwache. Lakini watoto wengi huota na kung'oka mawili kwa pamoja pale chini, na Nyemo aliogopa Yoramu asije akalitilia shaka pengo la jino moja. Akamwambia, mama, bado moja. Na yule mtoto, Ruthu, hakushikwa taya. Alifunga macho, akafungua kinywa tena mwenyewe.

Desturi ya watoto unaijua. Jino linatupwa juu ya tembe, unasema, chukua la zamani, nipe jipya. Loisi akataka kutupa kwa mkono wake. Damu inamchuruzika kidevuni, analia huku anacheka, akatupa la kwanza, akatupa la pili, akasema maneno yake ovyoovyo kwa sababu ya pengo. Nyemo akaitikia, "Litakuja." Kisha akageukia ukutani, chuma bado mkononi.

Tukasubiri kidonda kifunge. Akapelekwa shule. Yoramu akainama, akatazama, akauliza yametoka lini. Nyemo akasema, juzijuzi. Yoramu akamwuliza jina, akasema jina hili la kipagani tutalibadilisha, wewe utaitwa Loisi, ingia. Akaingia. Nyemo akarudi mbio kunipa habari, akajigonga kichwa mlangoni, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Matonya aondoke.

Uji wenyewe, uji gani! Maji yaliyopitiwa na mtama. Lakini mtoto akaanza kuangaza macho. Akaanza kuuliza maswali. Siku moja nikamkuta anamchokoza mjusi ukutani, nikajua huyu amerudi.

Sasa sikiliza alichofanya, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Siku moja alirudi shule mashavu yamevimba, midomo kaibana, hasemi. Nikadhani kaumwa na nyuki. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamshika mkono, akakikunjua kiganja, akainama, akatema. Uji. Alikuwa ameubeba kinywani kutoka shuleni, njia yote ile, ampe mama yake. Kidevu na kifua vimelowa, maana ulikuwa unavuja njiani kwa lile pengo, na kilichofika hakijazi hata kijiko.

Nyemo akamwambia, mwanangu, umeze wewe, mimi nimeshakula. Mwongo! Alikuwa hajala kitu. Na mtoto anajua, wanajua hawa. Kesho yake akaleta tena. Akajifunza kuinua kichwa juu anapotembea ili usivuje. Nyemo alikuwa anamkemea, halafu mtoto akigeuka analamba kiganja. Nilimwona.

Ikaendelea hivyo mpaka jua la kiangazi likawa kali kabisa. Siku moja wanafunzi wanatoka, Yoramu amesimama mlangoni anawaaga mmoja mmoja. Watoto wote wanajibu, kwaheri mwalimu. Loisi anapita, kichwa juu, kimya. Yoramu akamwita. Loisi, nimekuaga. Kimya. Loisi, fungua mdomo.

Akafungua, uji ukamwagika kwenye kanzu ya mwalimu.

Yoramu alidhani mtoto anatapika. Akamshika kidevu amtazame koo, ndipo akaona. Wenzake aliopokewa nao meno mapya yalishatoka, mengine yamefika nusu. Huyu pengo lake tupu, na ufizi una kovu. Akapitisha kidole, hakuna kitu. Akamwuliza, nani alikung'oa meno haya? Na mtoto akajibu kwa furaha kabisa, kama anayesifiwa, "Mama. Ili ninywe uji."

Yoramu alikuja mwenyewe nyumbani. Akasimama nje, akaamkia, "Mbukwenyi," tukaitika. Hakukaa. Akasema, "Mama Loisi, wamekuwa wengi. Kijiji kizima kina mapengo. Kuna mwingine amekuja juzi ufizi umeoza, mtoto wa miaka minne. Bwana amekwishajua, amesema sasa pengo halitoshi, nitazame jino jipya. Wasio nalo nisiwape."

Nyemo akasema, "Litakuja."

"Likija mlete siku hiyohiyo. Nitampokea bila neno, mbele ya yeyote."

Mimi nilimfuata njiani nikamtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana mama yake aliyemzaa, nikaitukana na ile kanzu. Nikamwambia, kata moja tu, itakupunguzia nini? Akasimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Nilipomtazama vizuri nikaona mifupa ya uso wake. Watu walikuwa wanasema anakula makoko ya chunguni wakishamaliza watoto, nami sikuwa nimeamini. Akasema tu, "Nikimwingiza huyu, kesho mlangoni wataletwa wote, na uji utaisha kabla ya mvua." Akaenda zake.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu ni hilo jino. Nyemo akiamka, kabla ya kunawa uso, kidole kinywani mwa mtoto. Mchana, kidole. Akipita jirani anaambiwa sugua kwa majani fulani, anasugua. Akiambiwa sugua kwa mkaa, anasugua. Nikamwambia utamchuna ufizi mtoto wa watu. Akasema si wa watu, ni wangu.

Siku moja nimetoka kutafuta kuni, nikamkuta juu ya tembe. Jua la saa sita, paa linaunguza nyayo, yeye yuko amepiga magoti na ungo, anachota vumbi la paa anapepeta.

"Wewe Nyemo! Shuka! Utatuangushia udongo!"

"Natafuta meno."

"Ya nini?"

"Nione kama yalikaa. Kama yalianguka chini hayakupokelewa. Kama hayakupokelewa atapewa nini?"

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nikapanda. Mimi huyuhuyu, na magoti yangu, nikapanda, tukapepeta paa zima, ungo kwa ungo. Tukapata jino moja. Dogo hivi, limekauka, limekuwa la njano. La pili hatukuliona. Nyemo akakaa juu kule ameshika lile moja, machozi yanamtoka yanakaukia mashavuni, akasema kuku wamelila, wifi, kuku walikuwa bado wapo siku ile.

Nikamwambia, "Moja likija linatosha. Yoramu kasema jino, hakusema meno."

Akanitazama kama nimempa ng'ombe. Akalirudisha jino lile paani, akalifukia kwa kidole, akasema maneno ya mtoto wake kwa niaba yake, chukua la zamani, nipe jipya. Tukashuka.

Lakini Loisi alikuwa anaondoka, Ruthu. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu. Ngozi ya kuchemsha hakuiweza tena. Nyemo akawa anaitafuna yeye mpaka ilainike kabisa, anamtia kinywani, mtoto anaisukuma nje kwa ulimi. Anataka uji tu. Hasemi nataka uji, amekwishaacha kuomba. Anasema, "Mama, limekuja?" Na Nyemo anatia kidole, anamwambia, linakuja, liko njiani.

Asubuhi moja nikasikia, "Wifi! Wifi, njoo! Linakwaruza!"

Nikaja mbio. Nikatia kidole changu mwenyewe, na sikudanganyi, pale chini, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kigumu, kimechana ufizi. Tukamtoa mlangoni kwenye mwanga. Jeupe! Ncha tu, yenye vimeno vidogo kama msumeno, lakini jeupe. Nyemo akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, chenye ulimi kwenye pengo. Akamwambia mtoto, limekuja mama, limekuja, unakwenda shule. Loisi akafungua macho akasema, "Mmm."

Tukamfunga mgongoni kwa kaniki. Tukakimbia. Watu wawili ambao jana yake hatukuweza kuinua mtungi, tulikimbia. Nyemo anasema naye njia nzima, uso ameugeuzia begani. Loisi, uji, unasikia? Mmm. Leo utakunywa wote wewe, humletei tena mtu, unasikia? Mmm. Tukavuka korongo kavu, Nyemo bado anasema, na mimi nyuma namwona mtoto kichwa kinachezacheza. Nikajua amelala.

Tulifika wanagawa. Watoto wamekaa mstari na vibuyu vyao, Yoramu ameshika kata. Nyemo akapaza sauti toka mbali, "Mwalimu! Limeota! Limeota leo!" Akajibwaga chini pale mlangoni, akafungua kaniki, akamlaza mtoto mapajani, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. "Tazama. Hilo hapo. Tazama mwenyewe."

Yoramu akaja akainama. Alilitazama jino. Kisha nikamwona anapandisha macho, anamtazama mtoto usoni, na akakaa hivyo ameinama, hainuki.

"Si unaliona?" Nyemo akamwambia. "Ulisema siku hiyohiyo. Ulisema bila neno."

Yoramu akasema, "Limeota, mama."

"Basi mpe."

Akaenda chunguni. Akakijaza kibuyu mpaka juu, akakileta kwa mikono miwili, akampa Nyemo. Nyemo akamwegemeza mtoto kifuani, akamsogezea mdomoni. Uji ukaingia, ukazunguka, ukatokea kwenye pengo la jino la pili ambalo bado halijaota, ukashuka kidevuni. Akampangusa. Akamwekea tena. Ukashuka tena. Watoto wote wameacha kunywa.

Hapo ndipo alipojua. Hakupiga yowe, Ruthu. Ningefurahi angepiga yowe. Alikaa amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kibuyu kwa mkono mwingine, na mvuke wa uji unampanda usoni, na pua yake inausikia. Wewe hujawahi kuwa na njaa ile, kwa hiyo usiseme ungefanya nini. Mkono ule ulikwenda wenyewe.

Akanywa. Alipofika nusu akanigeuzia kibuyu. Nami nikanywa, nikamaliza, nikalamba, mtoto bado yuko mapajani mwake, mdomo wazi, jino linaonekana.